Kibao Kando ya Chai

Mdogo wangu anafundisha baiolojia huko Nyansiongo. Akija nyumbani kwetu Ikonge, mama hukaa wima kitini kama anapigwa picha. Mimi ninayechuma naye chai na kumpeleka kliniki, nikiingia huniuliza tu kama nimefunga ng'ombe.

Kando ya chai yetu kulikuwa na kichaka cha chinsobosobo, vile vitunda vya manjano vinavyojifunika kwa ganda jepesi kama karatasi. Siku moja mdogo wangu alichomeka kibao mbele yake chenye jina la kisayansi: Physalis peruviana. Chini akaandika gusberi ya Rasi. Chinsobosobo, jina letu la nyumbani, hakuandika. Mama alilikariri lile jina la kwanza mpaka likamkaa mdomoni, akawa anawatajia akina mama wa kanisani. "Mtoto wangu ndiye amenifundisha," anasema. Mtoto wangu! Utadhani mimi niliokotwa sokoni. Sifichi, nilimwonea wivu hadi chakula kikanikosa ladha.

Kisha ikatangazwa kanisani kwamba Sabato alasiri mdogo wangu angewaleta watoto kukiona kichaka hicho. Ijumaa nikachukua jembe. Kila mara nilitazama jua, maana kwetu hakuna anayeshika jembe Ijumaa jua likishazama na Sabato kuingia. Nikaking'oa na mizizi yake, nikakificha chini ya majani ya migomba, nikaoga mapema. Wimbo wa kufungua Sabato niliuimba kwa sauti safi kabisa.

Kesho yake watoto walikuta kibao na shimo.

"Dada, nani ameng'oa?" mdogo wangu aliuliza.

"Ni ng'ombe," nikasema.

Alitazama shimo kidogo, kisha akawageukia watoto.

"Kuna jina la tatu. Sikuliandika kwa sababu nilitaka mlisikie kwa dada yangu. Nikiwa mdogo, mama akienda kuchuma chai, huyu ndiye alikuwa ananilea hapa. Zilizoiva alinimenyea mimi, yeye akala mbichi. Dada, waambie sisi tunaziitaje."

Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya zile mbichi. Watoto wote wakanikazia macho. Nikalitaja jina, nao wakalirudia kwa kelele, na mimi nikatamani lile shimo linimeze. Nilikuwa nimejitahidi sana nisiivunje Sabato kwa jembe, nikaja kuivunja kwa ulimi.

Mama alikuwa amesimama pembeni. Jioni, tulipomaliza maombi ya kufunga Sabato na mdogo wangu akawa ameshaondoka, aliniita jikoni. Alilitoa jembe nyuma ya mlango, akabandua kwa kidole udongo uliokaukia pale, akanikabidhi.

"Mwambie huyo ng'ombe wako," akasema, "kesho asubuhi apande kingine."