Makala Iliyosomwa Sana, Nami Sikuiandika

Siku makala yenye jina langu iliposomwa na watu elfu arobaini, mimi mwenyewe ndiyo kwanza nilikuwa naisoma.

Sitanii.

Ngoja nianzie mbali kidogo, maana jambo hili limenikaa kooni muda mrefu.

Nimeajiriwa na kampuni ya magodoro. Kazi yangu ni kuandika mtandaoni. Kila Jumanne na Ijumaa, lazima makala mpya iwe kwenye blogu ya kampuni, mvua inyeshe, jua liwake.

Bosi wetu tulimpa jina la Kichwa. Si kwamba ana kichwa kikubwa. Ni kwamba ukimpelekea makala anasoma kichwa cha habari tu, halafu anakurudishia.

"Weka namba. Watu wanapenda namba."

Nikaweka. Faida Kumi za Godoro Bora.

"Kumi chache. Fanya kumi na saba."

Jamani, godoro lina faida kumi na saba? Ya kumi na sita niliandika "linapendezesha chumba". Ya kumi na saba nikairudia ya tatu kwa maneno mengine nikajikausha.

Tena akataka neno godoro litokee mara ishirini na tano kila makala, ati mtu akitafuta mtandaoni tutatokea sisi kwanza. Nikaandika godoro, godoro, godoro, mpaka nikawa nalitazama neno lenyewe kama sijawahi kuliona.

Wasomaji? Kumi na wawili. Siku njema sana, kumi na watano. Na hapo wengine ni sisi wenyewe tunaangalia kama picha imekaa sawa.

Kila Jumatatu kikaoni Kichwa anawasha ile grafu ukutani. Mstari umelala chali.

"Mwandishi, shida nini?"

"Bosi, mtandaoni kuna kelele nyingi."

"Mbona wenzako wanasikika?"

Nilisoma vitabu vya matangazo, nikafuata kila ushauri. Sentensi fupi, nimeweka. Picha yenye tabasamu, nimeweka. "Bofya hapa sasa", nimeweka hadi naona haya.

Mwishoni akanipa mwezi mmoja. Mstari usipopanda, nitafute pa kwenda.

Wiki ya tatu, Jumatano, nimefika ofisini sijaweka hata mkoba chini. Watu wa mapokezi wananipigia makofi.

"Weee! Dada, umetutoa machozi!"

"Nimefanya nini?"

"Jifanye hujui!"

Nikawasha kompyuta. Kwenye blogu kuna makala ambayo sijawahi kuiona. Juu yake, jina langu. Kichwa chake: Mama Anayelala Kwenye Kiti.

Nikapigwa na butwaa.

Ilianza hivi: "Juzi nilipeleka sponji ya kiti kwa mama mmoja. Nikamuuliza kama ni ya wageni. Akasema, hapana mwanangu, hapo ndipo ninapolala."

Haikuwa ndefu. Yule mama mgongo ulimuuma kiasi kwamba akilala kitandani hainuki. Kwa hiyo miezi minne alikuwa analala ameketi, mto shingoni, miguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hakuwaambia watoto wake. "Watoto wangu wana kazi nyingi," alisema.

Neno godoro lilitokea mara moja tu. Ikaishia kwa swali: "Nyumbani kwenu, nani hajakuambia analalaje?"

Nikasonya. Nikasema peke yangu, watoto wengine bwana! Miezi minne mama anateseka, wao wako wapi? Hawana hata haya.

Kumbukeni maneno yangu hayo.

Kufikia mchana simu zilikuwa hazipumziki. Watu hawakuuliza bei. Walikuwa wanasimulia. Huyu baba yake, yule shangazi yake. Dukani wateja wamejaa mpaka mlangoni.

Kichwa akaja mezani kwangu, akanishika bega. "Nilijua unao uwezo. Ijumaa nataka nyingine kama hii."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, bosi, si mimi.

Sikusema.

Nilicheka cheka tu kama mjinga, nikasema asante.

Jumatano hiyohiyo, na Alhamisi asubuhi, nikawa nahangaika kuandika nyingine. Nikabuni babu anayelala sakafuni. Nikasoma, nikaona uongo mtupu, nikafuta. Nikabuni bibi harusi. Nikafuta. Nilikasirika nikataka kuitupa ile kompyuta dirishani. Miaka mitatu naandika, halafu mtu asiyejulikana anaandika mara moja na kunishinda kwa mbali!

Nikaanza kumtafuta. Watu wa mapokezi, hapana. Fundi kompyuta akaniambia, "Akaunti ya blogu ni moja, imefunguliwa kwa jina lako. Yeyote akiweka kitu, linatokea jina lako. Neno la siri mnalo watatu. Wewe, bosi, na Kamba."

Kamba ni dereva wa gari la mizigo. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila kamba begani. Alipewa neno la siri ili aweke picha za mizigo aliyoifikisha.

Nikamkuta uani, anafunga magodoro kwenye gari.

"Kamba, wewe ndiye uliyeandika?"

Akavuta fundo kwanza. "Ndiyo, dada."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka kuweka picha ya sponji, nikaona picha haisemi chochote. Nikaandika nilichokiona."

Hasira ikanipanda, lakini shida ilikuwa kubwa kuliko hasira.

"Basi nipeleke kwa huyo mama. Nataka nimwandike tena. Ijumaa ni kesho."

Kamba akaacha kazi. Akanitazama kama mtu anayepima kama natania.

"Dada, ina maana kweli hukumjua?"

"Nitamjulia wapi?"

"Yule si ndiye mama yako?"

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka nilikaa juu ya godoro lililokuwa chini, na Kamba akazungumza taratibu. Kwamba mama alipiga simu dukani mwenyewe, akaomba binti yake asipelekewe habari. Kwamba alimwonyesha picha yangu ukutani, akamwambia kwa majivuno, huyu ndiye anayewaandikia.

"Nilidhani ukiisoma utaelewa," Kamba akasema. "Nilipoona huendi nyumbani, nikajua kazi imekubana."

Nilienda saa hiyohiyo. Mama anakaa mwendo wa basi moja tu. Basi moja! Na mimi kila Jumapili nilikuwa napiga simu: hujambo mama, sijambo mwanangu, haya nitakupigia tena.

Kiti kilikuwa pembeni ya dirisha. Shuka imekunjwa vizuri, imewekwa nyuma yake.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ukipiga simu unakuwa na haraka. Nikianza tu, unasema bosi anakuita."

Nikaketi sakafuni kando ya kiti chake.

"Lakini makala zako nazisoma zote," akasema. "Miwani inanisumbua ila nazisoma. Nilikuwa natafuta moja tu. Mtu akiumwa mgongo hapa chini, anunue godoro laini au gumu? Sikuiona. Nikasema labda utaiandika wiki inayofuata."

Wiki inayofuata! Miezi minne mama yangu amengoja wiki inayofuata.

Siku ya pili nilimpeleka hospitali. Jioni nikaandika makala, haina namba, haina bofya hapa. Nikamjibu mama. Kwanza nenda kwa daktari. Halafu njoo dukani, ulale robo saa nzima juu ya godoro kabla hujanunua. Na kati ya aina zetu, mbili usichukue kama una mgongo mbovu, zinabonyea upesi.

Jumatatu Kichwa alinifokea mbele ya watu. "Unatuharibia! Nani kakutuma kusema magodoro yetu yanabonyea?"

"Yanabonyea, bosi. Na ile iliyosomwa sana si yangu, ni ya Kamba. Jina lake liwekwe."



Jina la Kamba liliwekwa. Makala yangu iliondolewa kabla ya chakula cha mchana, nami nikaandikiwa barua ya onyo. Mpaka leo kila Ijumaa tunagombana na Kichwa.

Ila kabla haijaondolewa, watu walikuwa wameisoma. Si elfu arobaini. Mia mbili hivi. Mmoja wao akanipigia simu.

"Hii nimeielewa," mama akasema. "Nalitaka gumu kiasi. Mwambie Kamba alilete."

Wewe unayeandika ili watu wanunue, sikiliza la mwenzio. Kuna mtu mmoja ana swali lake, na anasoma kila unachoweka akitumaini leo utamjibu. Mtafute huyo umuulize, kabla hujafungua kompyuta. Mimi wangu nilikuwa na namba yake ya simu.