Tangazo la Uwanjani Nililolisoma Nikanyamaza

Wenzangu wa Kidato cha Tatu, nabandika hapa ukutani kwa sababu kusema kwa mdomo siwezi. Nina hasira.

Leo Mama amerudishwa kutoka uwanja wa ndege nikiwa naye, pamoja na kikapu chake cha samaki wakavu.

Ndege ndogo ya Musoma haiji tena. Ada ya kutua imepanda, na ile ya viti vinane inatozwa sawa na ndege kubwa ya Nairobi. Nani alipanga hivyo?

"Bwana karani, binti yangu aliye Musoma anajifungua wiki hii."

"Mama, tangazo limekaa hapo mwezi mzima. Mwenye pingamizi alitakiwa kuandika barua."

Tangazo lenyewe ni Kiingereza kitupu.

Mama akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, wangebandika kwa Kijaluo ningewaandikia mpaka wachoke."

Nikambebea kikapu.

Jumapili ile ya mwezi uliopita tulipokwenda nanyi kutazama ndege, nililisoma lote, nikifanya mazoezi ya matamshi. Nilielewa. Nikaona haya kuandika barua ya pingamizi.

Sasa Mama anangoja meli, na mtoto hangoji mtu.

Penseli inaning'inia kwa uzi. Andikeni hapa chini: nimwambie kwamba nililisoma?