Mwaka wa Waya Chakavu

Mwaka ule sikutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Nilikuwa mwalimu wa umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi cha serikali, karibu na maghala ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na mradi wa wageni uliokuwa ukitununulia vifaa ulikuwa umekwisha. Walituaga kwa soda na picha, wakapanda gari lao, wakaenda. Serikali iliendelea kutulipa mishahara sisi walimu. Vifaa vya wanafunzi hakuna aliyevitaja.

Tukabaki na waya zilezile. Darasa hili lilizifunga ukutani, likazifungua, likaliachia darasa linalofuata. Kila zilipofunguliwa, ncha zilikatika kidogo. Kufikia muhula wa pili hazikufika tena kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa, nami nikaisogeza taa.

Nilikaa Kinanira, mtaa wa kilimani. Petroli ilikuwa adimu, mabasi hayaonekani, kwa hiyo asubuhi nilishuka kwa miguu na kuukata mji mzima, kichwani nikigawa: leo nani atashika waya, nani ataangalia tu.

Siku moja mwanafunzi wangu, mama wa watoto wawili aliyeacha kuuza samaki ili asome, alikata waya mahali pasipofaa. Kipande cha urefu wa kiganja kikaanguka sakafuni. Nilimfokea mbele ya wenzake.

"Unajua umekata nini wewe? Unajua?"

Aliokota kile kipande, akakiweka mezani polepole. Wiki nzima hakushika koleo. Alikuja kila siku, akasimama nyuma, akaandika kwenye daftari.

Nilimwita pembeni.

"Mwalimu, mi naogopa," alisema. "Kule sokoni, nikikata samaki vibaya, naipeleka nyumbani tunakula. Hapa nikikosea, nimeharibia watu wote."

Nilimwomba radhi, na niliimaanisha. Lakini maneno yake yalinichoma. Fundi hujifunza kwa kukosea, na mimi nilikuwa nimewanyima nafasi hiyo, kisha nikawakasirikia.

Kesho yake nilikwenda wizarani. Tulikwisha kupeleka barua nne, zote bila jibu. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole, mafaili yake yamepangwa vizuri mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na upole wake ulinitia wasiwasi zaidi.

"Wafadhili wenu wameenda wapi, mama?"

"Wamerudi kwao. Walikuwa wageni."

"Basi tutafute wengine."

"Apana, mukubwa. Mugeni analeta zawadi. Chakula ya kila siku inatoka kwa mwenye nyumba."

Aliniangalia, kisha akafungua faili letu. Barua zote nne zilikuwemo.

"Bajeti ya mwaka huu imefungwa," alisema. "Kwa ile ya mwaka kesho, niletee kitu kimoja. Mwanafunzi mumoja, toka siku ya kwanza mupaka anatoka na diploma, anatumia nini? Kitu kwa kitu. Barua zenu zinaniambia munateseka. Kuteseka sijui naiandika kwenye mustari gani."

Nilitoka nimekasirika, na nilipofika barabarani nikajua nimekasirika kwa sababu alisema kweli.

Tuliandika ile orodha darasani, wote pamoja: waya, soketi, swichi, misumari ya kubania. Yule mama wa watoto wawili aliinua mkono.

"Andika na waya za kuharibu," alisema.

Wenzake walicheka. Mimi niliandika.

Niliipeleka orodha wizarani. Wakati tukisubiri jibu, nilimwendea mzee mmoja wa asili ya Oman. Familia yake imeuza vifaa vya umeme katikati ya mji tangu enzi za babu yake. Alinisikiliza, akaniwekea roli mbili za waya mpya juu ya kaunta.

"Chukua, binti yangu. Mwaka kesho rudi tena, inshallah, kama biashara itakuwa nzuri."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Hata hivyo, nikiwa njiani na waya begani, furaha haikuja. Darasa zima la vijana lilikuwa limening'inia kwenye neno moja la mwenye duka: kama.

Mwaka uliofuata, vyuo kama chetu vilipata mstari wa vifaa vya mazoezi katika bajeti. Waya zilifika muhula ukiwa umekwisha kuanza, tena pungufu kuliko tulivyoandika. Zile za kuharibu walizikata nusu, ila hawakuzifuta. Yule mama alifaulu mtihani wake, na leo anafunga umeme katika nyumba mpya zinazojengwa kandokando ya ziwa.

Nilirudi wizarani kushukuru. Afisa alicheka, akanionyesha kiti. Sikukaa.

"Huu mustari sasa ni wa kudumu?" niliuliza.

"Wa kudumu? Apana, mama. Kila mwaka unaombwa upya."

"Na barua ya mwaka ujao, mwisho wa kuipokea ni lini?"

Aliponitajia siku, niliona ilikuwa karibu mno. Nilitoka mbio kuelekea chuoni, nikiwa hata sijamuaga.