Nilipima Shamba la Babu kwa Ajili ya Gemu ya Gofu, Nikanyamaza Ukoo Ukipasuka

Kosa ni langu. Naliandika kwanza, peke yake, kwa sababu najijua: nikianza kueleza nitaanza kujitetea, na nikianza kujitetea nitapata sababu nzuri chungu nzima. Hakuna hata moja iliyo ya kweli. Kosa ni langu!

Jina langu halitakusaidia kitu. Mimi ni kijana wa Naro Moru, baba yangu ni mwalimu, na jambo ninalolipenda kuliko yote ndilo jambo ninaloliona aibu kuliko yote. Natengeneza viwanja vya gofu. Si vya kweli! Vya kwenye kompyuta.

Kuna gemu ya gofu inayokuja na programu ya kujitengenezea uwanja wako mwenyewe. Mashabiki wa nchi mbalimbali hujenga viwanja vyao, huviweka mtandaoni, wengine huvichukua wakavicheza, kisha huandika walivyoviona. Hakuna anayelipwa. Mimi sijawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kukosea, nikafuta, nikarudia: namna ya kuinua kilima, kulaza nyasi, kuchimba shimo la mchanga.

Uwanja wangu wa kwanza ulisifiwa na wengi. Lakini mtu mmoja aliandika chini yake: "Mzuri, ila ardhi yake inaonekana imepigwa pasi." Basi! Sifa zote zikafutika kichwani. Niliisoma sentensi hiyo nikila, nikioga, hata kanisani. Imepigwa pasi! Mimi niliyezaliwa chini ya Mlima Kenya, mahali ambapo hata kuku hutembea ameegemea upande!

Nikaapa kwamba uwanja wa pili utakuwa na ardhi ya kweli. Na ardhi niliyoijua kwa nyayo zangu ilikuwa moja tu: shamba la babu, karibu na Kianyaga, linaloanzia barabara ya murram na kuteremka kwenye kahawa hadi kijito.

Babu alifariki nikiwa mdogo. Shamba bado liko kwa jina lake, halijagawanywa. Wanaoishi pale ni shosho, yaani bibi yangu, na Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa baba yangu. Kama umelelewa huku kwetu, najua tayari umeshika kichwa. Umeona ninakoelekea. Mimi na usahihi wangu wote sikuona!

Picha za setilaiti hazionyeshi vibonde vidogo, na mimi nilivitaka vyote. Kwa hiyo nilikata vigingi, nikavifunga utepe mwekundu ili nivione kwa mbali, nikabeba kamba na ule mpira mwangavu wa maji ambao mafundi hutumia kujua kama msingi umekaa sawa. Nilikwenda Baba Mkubwa akiwa Wang'uru kwa binti yake, wakati wa kuvuna mchele. Nilijiambia kwamba ni bahati tu imetokea hivyo. Uongo! Niliuchagua wakati huo. Sikutaka mtu wa kuniuliza maswali.

Lakini Mama Muriuki, jirani, alikuwa upande wa pili wa ua la miiba ya kaiyaba.

"Wee kijana ya mwalimu! Unapima?"

"Kidogo tu, Mama Muriuki."

"Ati kidogo! Shamba hupimwa kidogo? Umetumwa na nani?"

Nilijiona nikimjibu ukweli. Nilimwona akicheka hadi ashike ua na miiba yake, kisha akiwaeleza wanawake wote kule kiwandani kwa kahawa kwamba mtoto wa mwalimu, na ndevu zake, anacheza mpira usioonekana. Mdomo wangu ukakimbia mbele yangu.

"Nimetumwa na baba."

Maneno matatu! Kama ningeweza kuyameza leo, ningeyameza na vigingi vyenyewe.

Halafu, badala ya kung'oa kila kitu niende zangu, nikaviacha pale. Kwa nini? Kwa sababu vipimo vya karibu na kaburi la babu havikuafikiana, tofauti ya kiganja kimoja tu, nami nisingeweza kulala na kosa la kiganja. Nilipanga kurudi kupima tena. Baba Mkubwa akarudi kabla yangu.

Alipiga simu tukiwa mezani. Baba aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na ugali.

"Mwalimu," Baba Mkubwa alisema, "wewe ni mtu wa kusoma. Ungeniambia tu."

"Nikuambie nini, mkubwa?"

"Unangoja niende Wang'uru ndio unatuma mtoto apime. Sawa. Lakini kigingi kwa kaburi ya baba yetu? Kwa kichwa! Unaanza kugawa na aliyelala?"

Baba aliifunga ile spika kwa kidole chenye ugali, akanitazama.

"Ulienda Kianyaga?"

"Nilienda kumwona shosho."

"Ulipima kitu huko?"

"Hapana."

Ndiyo, nilisema hapana! Mbele ya baba yangu, chakula kikiwa bado mdomoni. Alikuwa ameninunulia kompyuta ile ili nisome uhasibu, na kila alipopita mlangoni nilifunika uwanja kwa ukurasa wa hesabu. Lakini si hofu peke yake iliyonifunga mdomo. Nilijiambia: wacha niumalize kwanza. Ukikamilika nitawaonyesha wote, waone ulivyo mzuri, wacheke, yaishe. Sikutaka wauone ukiwa nusu. Hebu nisikie nilivyokuwa mjinga! Ndugu wawili wanatuhumiana wizi wa ardhi, na mimi naona haya kuonyesha nyasi zisizomalizika!

Baba aliniamini. Akamwambia kaka yake kwamba hakutuma mtu na hakuna mtoto wake aliyepima chochote. Baba Mkubwa akamwita Mama Muriuki, naye akarudia maneno yangu matatu kama alivyoyasikia. Kuanzia hapo, machoni pa Baba Mkubwa, baba yangu hakuwa mtu wa kupima kwa siri tu. Alikuwa mwongo pia.

Sasa sikia kilichokuwa hatarini. Dada yangu Wangari alikuwa anakaribia ruracio yake. Watu wa kwao mchumba wake walikuwa waje kuzungumza mahari, na kwetu baba wa msichana hajisemei mbele ya wakwe. Kaka yake mkubwa ndiye anayewapokea na kuongea. Bila Baba Mkubwa, wageni wangekuta viti, chakula, na hakuna wa kuongea naye. Na Baba Mkubwa alituma neno: hawezi kukalia kiti cha mzee katika boma la mtu anayegawa ardhi kwa siri, yeye mwenyewe akiwa hai.

Wangari alinifuma nikilainisha ukingo wa shimo la mchanga. Akaitazama kona ya kijito, akautazama mteremko, akaweka mkono mdomoni.

"Hii si kwa shosho?"

Nikamwambia yote. Kwanza alicheka, jamani, alicheka hadi akakaa kitandani. Kisha akakoma ghafla.

"Inuka. Twende kwa baba. Halafu Kianyaga."

"Wacha nimalize shimo la kumi na nne."

"Unasema?"

"Limebaki kidogo tu, Wangari. Halafu naenda, naapa."

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mimi ndio naolewa," alisema, "na unaniambia ningoje shimo." Hata hivyo hakunisaliti. Alitaka niseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Heshima hiyo nayo niliiharibu, maana shimo la kumi na nne lilizaa la kumi na tano, na niliposimama kutoka kitini wageni walikuwa wanakuja wiki hiyo hiyo.

Nilikwenda Kianyaga na kompyuta mgongoni. Baba Mkubwa alikuwa nje akipukuchua mahindi. Hakuniambia nikae.

"Baba Mkubwa, vile vigingi ni vyangu. Baba hajui kitu."

"Endelea."

"Nilikuwa natengeneza gemu. Ya gofu."

Mikono yake ikasimama. "Gofu? Kwa kahawa yangu?"

"Si kwa kweli. Ni kama picha. Mtu anacheza akiwa kwake."

"Na huyo mtu anaingilia wapi? Gate ninafunga."

Shosho, aliyekuwa mlangoni, akaguna kicheko. Hata Baba Mkubwa mdomo wake ulijikunja kidogo. Nikaona mlango umefunguka! Kama ningenyamaza hapo, kama ningeomba msamaha na kung'oa vigingi vyangu, pengine nisingeandika haya. Lakini mimi ni mimi. Nilitaka auone. Nilitaka aseme ni mzuri.

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha uwanja wote ukiangaliwa kutoka juu.

Alivaa miwani, akainama. Alitambua kila kitu. Alifuata barabara kwa kidole, akafuata kijito na kona yake, akafika kwenye mti ulio juu ya kaburi.

"Hii ni kaburi ya baba."

"Ndiyo." Nilikuwa natabasamu. Woi! Nilikuwa natabasamu!

"Na hizi namba?"

"Ni mashimo. Moja mpaka kumi na nane."

"Na laini nyeupe inazunguka?"

"Ni mpaka. Mpira ukitoka nje yake..."

"Mpaka," alisema polepole. Kidole kikagusa namba saba. "Hii ni ya nani?"

"Si ya mtu, Baba Mkubwa."

"Kumi na nane. Hata tungezaa kama sungura hatungefika kumi na nane. Mnauzia watu wa nje?"

Nilianza kueleza, na kila nilichoeleza kilizidi kunizamisha. Nilimwonyesha vimo, akaona kazi ya mpima ardhi. Nilimwambia nilipima hadi kiganja, akatikisa kichwa: nani hupima hadi kiganja kwa ajili ya mchezo? Kisha akainama tena, akatafuta, akatafuta, na sauti yake ikashuka.

"Nyumba yangu iko wapi?"

Ngai, nyumba yake! Nyumba ya shosho niliiweka, hata moshi wa jikoni niliuweka. Lakini nyumba ya Baba Mkubwa ina paa la mabati ya buluu, na buluu ile iligombana na kijani cha shimo la mwisho. Nilijaribu kuipaka rangi nyingine, haikukubali. Nikaifuta. Mahali pake nikaweka bwawa.

"Umenitoa," alisema, "ukaweka maji."

Alivua miwani. "Rudi kwa babako. Mwambie nimeona ramani."

Jioni hiyo nilimwambia baba yote. Hakunipiga, hakunifokea. Alichukua simu akampigia kaka yake, ikalia, ikalia, ikakatwa. Alipopokelewa baadaye alisikia jambo moja tu: "Umefundisha mtoto hadithi ya gofu. Angalau ungemfundisha moja inaaminika."

Siku ya ruracio baba alimtafuta binamu yake wa mbali akakalia kile kiti. Wageni walipokelewa, wakala, wakanywa uji na chai. Mzee wao alizungusha macho, akauliza habari za kaka wa mwalimu. Binamu akasema ni mgonjwa. Mtu mmoja wa upande wao, mwenye jamaa Kianyaga, akakohoa tu. Tukajua wanajua.

Mzee alisimama. "Tumeshiba, Mungu awabariki. Lakini tulikuja kuongea na mzee wa ukoo huu, na mzee huyo hatujamwona. Tutarudi akipatikana."

Mbuzi wa mahari walipakiwa tena kwenye gari. Wangari alikuwa jikoni na gauni lake jipya, nasi sote tulisikia mbuzi wale wakilia wakisukumwa kupanda. Hakutoka. Hajawahi kuniambia neno baya kuhusu siku ile. Wala zuri. Huniambia chakula kiko tayari, basi.

Hawajarudi mpaka leo. Mchumba wake bado humpigia simu, lakini kwa sauti ya mtu anayengoja ruhusa. Baba Mkubwa amezungusha seng'enge kuanzia barabarani, na baba akienda kumwona mama yake, shosho hutoka nje na kigoda, wakaongea waya ukiwa katikati yao.

Na uwanja? Niliuweka mtandaoni, sikufichi, siku chache kabla ya mbuzi kurudishwa. Yule wa pasi aliandika kwamba hajawahi kuona ardhi ya kweli kama ile. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo kwa muda mrefu mno, na niliposoma niliifunga kompyuta. Watu nisiowajua wanatembea kila siku kando ya kaburi la babu yangu, na mimi siwezi kufika hata kwenye lango.

Juzi nilimuuliza baba kama angenikasirikia sana, lau ningesema ukweli pale mezani.

"Gofu kwa shamba ya mzee?" alisema. "Ningecheka mpaka ugali inishinde. Kesho yake ningempigia Baba Mkubwa, naye acheke. Ungetaniwa nayo mpaka uzeeke."

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa, mwenye kitu chako kidogo unachokifunika mtu akipita mlangoni: usikingoje kikamilike, hakitakamilika. Usiseme umetumwa na mtu ambaye hakukutuma. Na usidhani kwamba ukweli hukaa vilevile ukiuweka kando, ukausubiri uwe tayari. Mimi niliutoa ukiwa kamili, umepimwa hadi kiganja, na hakuna aliyeuamini. Liseme jambo lako la aibu likiwa bado linachekesha!