Oa Haina Kutendua

Baba alimwacha mama mbele ya wageni, kabla birika la chai halijapoa. Wageni walikuwa wafanyabiashara wa mifugo kutoka mji wa Diff, wamekaa mkekani sebuleni kwetu Garissa, na baba alikuwa akiwasimulia jinsi alivyomzidi akili mnunuzi mmoja wa Nairobi sokoni. Mama alisimama mlangoni na sinia la mkate. Akacheka.

"Mbona unakigeuza kisa?" akasema. "Aliyezidiwa akili si wewe?"

Wageni wakaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa na chai. Baba naye alicheka, nikadhani yameisha. Kisha akaweka kikombe chini taratibu, akamtazama mama, akatamka talaka, akairudia, akairudia tena, kwa sauti ileile aliyotumia kutaja bei ya fahali. Halafu akawauliza wageni kama sukari inatosha.

Walisema inatosha.

Kwetu Wasomali mama humwita mtoto wake "hooyo", yaani mama, na baba humwita mwanawe "aabo". Neno hugeuka likamrudia aliyelitamka. Siku ile mama alinishika kidevu kwa vidole vyenye harufu ya heena, akaniambia, "Hooyo, wadogo zako wale mapema." Akafunga nguo zake ndani ya shuka, akapanda bajaji, akaenda kwa kaka yake upande wa pili wa mji. Sisi tulibaki, kwa sababu watoto ni wa baba. Nilikuwa binti wao wa kwanza, kidato cha tatu. Jioni ile nilipika wali ukaungua, na baba akaula, akanisukumia sufuria nikwangue ukoko.

Mji wetu ni mkubwa kwa nyumba, lakini kwa maneno ni mdogo. Kufikia wiki iliyofuata habari ilikuwa imefika shuleni, na bila shaka ilimfikia mwalimu wetu wa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Pwani, mwenye Kiswahili kitamu, na aliona ametupwa jangwani kwa watu wasiostahili lugha yake. Siku hiyo alifundisha kauli ya kutendua.

"Kutendua," alisema, "ni kulirudisha tendo lilikotoka. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Panga, pangua." Akazungusha macho darasani yakatua kwangu. "Wewe. Vaa?"

Nilijua jibu. Nikasimama. "Fua," nikasema.

"Fua ni kuosha nguo kwa sabuni. Mimi nataka mtu anayeitoa nguo mwilini."

"Fua, maalim."

Kisomali hakina *v* wala *p*. Ndimi zetu huzichukua herufi hizo na kurudisha zile zilizo karibu nazo. Darasani hapakuwa na hata watatu ambao wangelitamka neno lile vizuri, lakini wote walicheka.

"Kwa hiyo kwenu mtu akitaka kulala anajifua," mwalimu akasema, na kicheko kikaongezeka. Akangoja kipungue. "Haya, tuziache nguo. Nipe kutendua kwa oa."

Nilifikiri sana. Oa, oua? Neno kama hilo sikuwahi kulisikia. "Acha," nikasema.

"Acha ni kitenzi kingine kabisa. Nimetaka kutendua." Akaja mpaka kwenye dawati langu, akainama, akasema polepole ili kila mtu asikie. "Oa haina kutendua. Wala usijisumbue kutafuta. Nenda kawaulize kwenu."

Mara hii hakucheka mtu. 

Mwalimu wa fizikia alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzijuzi, na nadhani alisikia yaliyonipata. Alitupeleka kwenye chumba cha giza, akalitoboa boksi tundu dogo, akalielekeza uwanjani, akaniita niwe wa kwanza kutazama. Kwenye karatasi ya ndani niliuona mgunga wa uwanjani umesimama kwa kichwa, shina juu, matawi chini, na mbuzi wa jirani wakitembea kwa migongo kama nzi darini.

"Jicho lako linafanya hivyohivyo," akaniambia. "Ulimwengu wote huingia humo umepinduka. Ubongo ndio unaounyoosha."

"Na siku ubongo ukikataa?"

"Haukatai," alisema, akanigusa bega. Alikusudia wema. Mimi nilitoka nje nikautazama mgunga uliosimama wima, nikauona kama mwongo.

Nyumbani baba alianza kujuta. Majuto yake yalianzia tumboni. Wadogo zangu waliharisha kwa mapishi yangu, nguo zake zilinuka moshi, na wateja aliowaalika chakula walianza kutoa udhuru. Mwisho akaenda kwa sheikh wa mtaa, akanichukua nibebe zawadi ya maziwa. Nilikaa nyuma ya pazia nikasikia kila kitu.

"Nilikuwa na hasira," baba alisema.

"Ni nani aachaye akiwa na furaha?" sheikh akamjibu. "Umetamka tatu, ni tatu. Si mkeo tena. Hawezi kukurudia mpaka aolewe na mume mwingine, waishi kama mke na mume kwelikweli, kisha yule afe au amwache kwa hiari yake."

"Mume mwingine anaweza kupatikana."

"Kupanga hivyo ni laana kwa mwenye kupanga na kwa mwenye kukubali. Rudi na maziwa yako."

Nilimwelewa sheikh upesi kuliko baba, kwa sababu wiki hiyo darasani tulikuwa tumefika kwenye vinyume vya namba. Namba ukiizidisha kwa mbili, unaigawa kwa mbili na unarudi ulikotoka. Ukiizidisha kwa sifuri, njia ya kurudi hakuna. Tano na elfu zote zimekuwa kitu kimoja, na hakuna awezaye kukuambia ulianza na ipi. Mwalimu wa hesabu alilisema hilo kwa haraka akaendelea na mfano mwingine. Mimi nilibaki palepale.

Baba hakurudi na maziwa tu. Alirudi na hila. Kule Buna, kaskazini, alikuwa na mchungaji aliyemtunzia ngamia kwa miaka, mtu aliyefiwa na mkewe, mwenye mguu mmoja mfupi na kovu lililovuta mdomo upande mmoja. Baba alimpigia simu mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti.

"Utamwoa, utakaa naye wiki, utamwacha," alimwambia. "Umesikia?"

Yule alijibu, "Inshallah."

Baba alipokata simu alinigeukia akicheka. "Nimemchagua huyo makusudi. Hata kipofu hawezi kumpenda."

Eda ya mama ilipokwisha, kaka yake alikubali haraka, kwani alikuwa amechoka kumlisha. Mama mwenyewe alikubali haraka zaidi. Baba aliliona hilo kuwa ushahidi kwamba mama anamwonea shauku, akanyoa, akanunua kikoi kipya.

Nilikwenda kumwona mama siku aliyokuwa akijipamba. Mama alikuwa mpambaji wa maharusi, na mtindo wake haukuwa wa kuchora ua. Alipaka heena kila mahali isipokuwa pale ua linapotakiwa kuwa, na ilipobanduka, ua lilitokea jeupe katikati ya wekundu, limechorwa na kile ambacho hakukigusa. Tangu aachwe hakuna aliyemwita. Mama wa bwana harusi mmoja alimwambia wazi kwamba hataki mikono ya aliyeachwa imguse mkwe wake. Kwa hiyo siku ile alijipaka mwenyewe, mkono wa kushoto ukapamba wa kulia, na maua yalitoka yamepinda kidogo.

"Utarudi lini, hooyo?" nikamuuliza.

Aliupulizia mkono wake ukauke. "Usiniguse, utaharibu," akasema.

Wiki ilipita, na nyingine, na mwezi. Simu ya mchungaji ikawa haipatikani. Baba alianza kuwauliza madereva wa malori ya kaskazini, na madereva wakaanza kumjibu huku wakivunjika mbavu kwa kicheko. Hatimaye akaniambia nivae, tunakwenda Buna, na mimi ndiye nitakayeulainisha moyo wa mama yangu. Tulisafiri kupitia Wajir kwa gari la mizigo, juu ya magunia ya sukari, vumbi likituingia hadi kwenye meno.

Mchungaji alitupokea vizuri mno. Alichinja mbuzi. Alimnawisha baba mikono mwenyewe, akachechemea huku na huku akimtafutia mto wa kuegemea, na heshima ile ilimchoma baba kuliko tusi. Baba hakugusa nyama.

"Tulikubaliana," baba alisema.

"Nilisema inshallah, bwana," yule akajibu. "Mungu hajataka."

"Wewe ni mtumishi wangu!"

"Kwa ngamia, ndiyo. Kesho mkabidhi mwingine." Akatabasamu kwa ule mdomo uliovutwa. "Mimi nilioa. Sikuazima."

Mama akatokea nyuma ya nyumba na birika. Alikuwa amenenepa. Alimmiminia mumewe kwanza, kisha baba, kisha mimi, na alipofika kwangu nilimshika nguo.

"Hooyo, turudi nyumbani. Wadogo wanalia. Nimeshindwa."

Aliitoa nguo yake mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja, bila hasira. "Baba yako alipanga nirudi, hakuniuliza," akasema. "Sasa umekuja wewe kunichukua. Na wewe hukuniuliza."

"Ni mwanao!" baba akapiga kelele.

"Ni wako," mama akamjibu. "Siku ile ulichukua vyote. Chukua na huyu."

Kando ya ukuta walikuwa wameketi wanawake wa jirani. Walicheka na kuinamisha nyuso kwenye shungi zao. Baba aliinuka akatafuta viatu, akavaa cha kulia mguu wa kushoto, na hakuna aliyemwambia mpaka alipojikwaa. Mimi nilimfuata. Sikugeuka nyuma, kwa kuwa niliogopa nitamkuta ameshaingia ndani.

Njiani baba alinitazama muda mrefu juu ya magunia. "Umefanana naye," akasema. Muhula uliofuata sikurudi shuleni. Nilipika, nikafua, nikabeba kuni, na kila chakula kilipokosa chumvi aliniita kwa jina la mama. Aliyeniokoa ni eeddo, dada yake baba, aliyekuja kukaa nasi baada ya mumewe kufariki. Alinifukuza jikoni kwa mwiko, akamwambia baba kwamba mwanamke wa nyumba hii sasa ni yeye, na akitaka kumtaliki dada yake ajaribu.

Nilisoma. Nikawa mwalimu, na somo langu ni Kiswahili, katika mji huuhuu. Ninapofundisha kauli ya kutendua sisemi lolote kuhusu oa. Wanafunzi wenyewe huuliza kila mwaka, na mimi huwaambia waendelee na orodha.

Kwa miaka yote hiyo baba hakuoa tena. Kila aliyetoka Buna, baba alimuuliza swali moja, kwa namna mbalimbali: yule mchungaji, afya yake vipi? Aliliuliza kwa sauti ya huruma. Ukame wa mwisho ulipomaliza ngamia na ng'ombe wa upande ule, alisema alhamdulillahi, kisha akakohoa kuificha.

Na kweli, mwaka jana mchungaji alifariki. Homa ilimchukua upesi. Baba alipopata habari alihesabu eda kwa vidole, akaenda kwa kinyozi akapaka ndevu heena zikawa kama moto. Hakuwa na haja ya hila tena. Sharti lililomshinda kulinunua limetimia lenyewe, halali tupu.

Mama alikuja Garissa eda ilipokwisha, akiwa na binti mdogo aliyemzaa kule, na mzigo mmoja. Mifugo yao yote ilikuwa mifupa. Alifikia kwangu. Hakueleza chochote, ila alioga, akavaa gauni safi la dirac, akaniambia, "Mwambie baba yako nipo."

Nilimwambia. Alikuja mchana uleule, na ndevu zake za moto na fimbo mpya. Mama alisimama ukumbini. Jua la kaskazini na njaa zilikuwa zimemkausha. Meno ya mbele hayakuwepo. Walisalimiana. Baba alimtazama juu mpaka chini kama anavyotazama mnyama sokoni, kisha akaniita pembeni, lakini hakupunguza sauti.

"Nilikuwa namtaka yule," akasema. "Huyu ni bibi kizee."

"Ndiye yuleyule, aabo."

"Siye." Akafungua lango mwenyewe, akatoka.

Niliporudi ukumbini mama alikuwa amekaa sakafuni, bintiye amelala pajani pake.

"Amesema nini?" aliniuliza, ingawa masikio yake hayana kasoro.

Nilikuwa na nafasi ya kusema uongo. "Amesema umezeeka."

Mama alitikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Akamgeuza mtoto upande wa pili, kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi, akaniuliza chumba kipi ni chao.