Nilimwambia nusu tu, akaondoka bila dawa

Msinipe pole. Naandika nikiwa nimejikasirikia na sitafuti mtu wa kunifariji. Kosa ni langu, na limemtoa mtu kwenye matibabu.

Nakaa Chimala, nauza mchele, nina mtoto mmoja. Niligundulika na kansa ya titi wakati mwanangu bado ananyonya. Nikapangiwa kemo Mbeya, na daktari akasema nimwachishe kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu dawa inapita kwenye maziwa. Mama yangu akaja kutoka Tosamaganga kunisaidia. Mtoto akiniona tu anavuta blauzi, analia, mama anamnyakua.

"Wewe ingia ndani huko. Akikuona hanywi uji huyu."

Yaani nikawa namkimbia mwanangu mwenyewe ndani ya nyumba yangu.

Dawa nayo ilinipiga. Nilitapika, mdomo ukatoka vidonda, maji yakawa na ladha ya msumari, nywele zikabaki kwenye mto. Wageni wanakuja na "utapona tu, mtumaini Mungu", mimi natamani kuwarushia kikombe.

Lakini kuna upande wa pili. Nilipomweleza nesi, alinipa vidonge vya kuzuia kutapika, nimeze mapema kabla kichefuchefu hakijaanza. Akanifundisha kusukutua kwa maji ya chumvi, kula kidogo kidogo, na kwamba nikisikia homa nisikae nyumbani kusubiri tarehe ya kliniki, niwahi hospitali. Kufika mzunguko wa tatu nilikuwa napika mwenyewe siku chache tu baada ya dripu. Uvimbe ulikuwa umenywea. Mwanangu alikuwa amenenepa na alishasahau ziwa.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku niliyokutana na Mama Shija.

Tulikaa benchi moja tukisubiri kuitwa. Yeye alitoka Madibira, mke wa mfugaji, na ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza. Mumewe alikuwa ameenda kutafuta chai.

"Mume wangu amenibembeleza kuja huku mpaka kaishiwa maneno," aliniambia huku anacheka. "Na maneno yenyewe hana, ana ng'ombe tu."

Nikacheka na mimi. Mtoto wake akaanza kulialia. Akamfungulia ziwa lile zima, lisilo na uvimbe. Mtoto akanyonya, kamguu kanachezacheza.

Hapo roho yangu ikachafuka. Siku zote nimejiita mkweli, mtu nisiyezunguka. Ule haukuwa ukweli, ulikuwa wivu. Nilitaka na yeye aonje.

Akaniuliza, "Dada, eti hiyo dawa ikoje? Mimi mwenzio naogopa."

Nikavua kilemba nikamwonyesha kichwa. "Iko hivi. Utatapika mpaka nyongo. Kucha zitakuwa nyeusi. Mdomo utauma hata mate usimeze. Na huyo unayemnyonyesha, leo ndiyo mwisho."

"Leo leo?"

"Leo leo. Atakulilia na ziwa humpi."

Akamtazama mtoto. Kisha akauliza, "Sasa dada, na baada ya hapo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo lote. Nikafunga kilemba changu nikamwambia, "Utajionea mwenyewe."

Nikaitwa, nikawekewa dripu. Kiti changu kilikuwa dirishani. Nikamwona Mama Shija anaelekea getini, mtoto mgongoni, mumewe anamfuata mbio na kikombe cha chai mkononi, anamwita. Ndani nesi naye anaita jina lake. Mwisho akaja kwangu.

"Yule mama mliyekuwa mnaongea naye yuko wapi?"

"Sijui, sista."

Alikuwa hajavuka geti. Ningenyoosha kidole tu. Niliogopa wangemuuliza nani kamtisha.

Mimi nikamaliza dozi zangu zote. Kila nikimkumbuka nilikuwa najiambia, ni mtu mzima, ameamua mwenyewe.

Miezi ikapita. Nilienda kupimwa, nikakuta mwanamke amemwegemea mumewe kwenye benchi, amekonda sana. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyenitambua. Akaangalia nywele zangu, nilikuwa nimesuka.

"Dada, kumbe zinaota?"

"Zinaota."

"Hukuniambia."

Hakusema kwa ugomvi. Mumewe akauliza, "Ndiye huyu?" Akajibu, "Ndiye. Alinieleza ukweli." Yule baba akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Na mimi, bila haya, nikaipokea hiyo asante.

Walipotoka kwa daktari waliniambia ugonjwa umeshafika kwenye mapafu, dawa atakayopewa sasa ni ya kumpunguzia maumivu. Mumewe akaenda dirisha la dawa. Nikapata nafasi nikasema yote: vidonge, uvimbe ulivyonywea, mtoto wangu alivyozoea uji. Nikamwambia na la wivu.

Nilitaka anitukane. Akasema taratibu, "Ungenifukuza tu hapo kwenye benchi, dada. Ningekaa lingine."

Alifariki wakati wa mavuno. Mumewe alinipigia mwenyewe kunijulisha, na akaniita shemeji. Hajui. Sijaenda Madibira mpaka leo, sina uso wa kumtazama yule mtoto.

Najua kuna atakayesema labda hata angebaki asingepona. Labda. Mimi sikumpa hata hiyo labda.

Wewe ambaye ndiyo unaanza dawa, usimsikilize mtu wa benchi halafu ukaondoka. Mwambie nesi au daktari unachokiogopa, hata kama ni kumwachisha mtoto. Ndiyo kazi yao, na madhara mengi yana namna ya kuyapunguza.

Na wewe mwenzangu uliyekwisha kuanza, mgeni akikuuliza dawa ikoje, usimdanganye kwamba ni rahisi. Mwambie mabaya, halafu umwambie na kinachofuata. Na kama siku hiyo una hasira na dunia nzima kama niliyokuwa nayo mimi, mwambie hivi: "Leo mimi siko vizuri, muulize nesi."

Maneno hayo tu. Mama Shija angekaa.