Fundi Asiyeshona Sare

Mtaani kwao kila fundi cherehani alishona sare za shule ya jirani, isipokuwa yeye. Si kwamba hakujua. Tangu wazazi walipomchagua kuingia kwenye bodi ya shule, na bodi ikampa uenyekiti, alichukua jora lake la kitambaa cha buluu akalisukuma chini ya meza.

"Bodi ndiyo inayopitisha sare," alimwambia mumewe. "Siwezi kupitisha asubuhi, jioni nikauza nilichopitisha."

"Basi tutakula uenyekiti," mumewe akasema, akacheka peke yake.

Naye aliupenda uenyekiti huo. Alipenda meza ndefu ya maktaba, na utulivu ulioingia chumbani alipovaa miwani. Yeye ndiye aliyemuuliza mwalimu mkuu, kikao baada ya kikao, kwa upole wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano, kwa nini vyoo vya wasichana havina milango. Hakumfundisha kazi. Aliuliza tu, mpaka milango ikawekwa.

Kisha mwalimu mkuu akastaafu, na kazi ya kumpata mwingine ikawa ya bodi. Miongoni mwa walioomba alikuwamo wifi yake, mwalimu wa hesabu.

Wifi alimfuata kwenye kibanda chake cha ushonaji, akaegemea mlango. "Siku ya usaili utakuwa wapi?"

"Nje, kwenye benchi."

"Afadhali. Ukibaki ndani nikapata, watasema nimebebwa. Na miguu ninayo."

"Ukipata, wifi, mimi sina kiti tena kwenye bodi. Nitakuhoji vipi vikaoni, halafu Jumapili nije kula kwako?"

Hilo wifi hakuwa amelifikiria. "Niondoe maombi?"

"Thubutu, nikuone."

Siku ilipofika alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, akisikia sauti bila maneno. Alimwombea wifi yake kwa moyo wote, huku akijua anajiombea kuondoka. Kiti kile kilimwuma kama mtoto anayeolewa mbali.

Makamu wake, muuza dawa wa pale kona, akafungua mlango. "Mwenyekiti, ni wifi yako. Wala hatukubishana."

Fundi akaingia, akawapa wote mkono. "Basi mtafute na mwenyekiti," akasema, na hakurudi kwenye kiti cha mbele. Wakamchagua makamu. Fundi akitoka alipita njia ya vyooni, ingawa haikuwa njia ya mkato. Milango ilikuwa imefungwa vizuri, na nyuma ya mmoja msichana alikuwa anaimba.

Baada ya kikao chake cha kwanza na bodi wifi alikuja tena, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Yule makamu wako kaniuliza habari za maktaba mpaka jasho likanitoka. Ni wewe uliyemfunza?"

"Alikuwa anakaa karibu yangu tu."

"Mna roho mbaya nyote."

Fundi alicheka. Akainama, akalivuta jora la buluu kutoka chini ya meza, akalikung'uta vumbi.

"Kitinda mimba wako sare yake imembana," akasema. "Mlete kesho nimpime."